Muuza Mabeseni na Kanga Zangu Mbili

Watu wa milima hii tuna sifa moja tunayoipenda sana: tuna huruma. Mgeni akianza kupanda kutoka Mombo, hajaiona hata Lushoto, ameshapewa pole na watu kumi. Pole ya safari, pole ya kona, pole ya baridi. Tukimkuta mtu kakaa zake pembeni anapumzika, tunampa pole ya kukaa. Mimi mwenyewe nimegawa pole maisha yangu yote bila ubahili, na sikumbuki hata moja iliyonitoa jasho.

Nasema hivyo kama mwalimu mstaafu. Nakaa kitongoji kimoja kilichoning'inia juu ya barabara ya kwenda Mtae, ukishapita Malindi, nalima karoti na viazi, na siku za mvua naandika. Huku wote wananiita mwalimu, hata wazee walionizidi umri, na nusu ya wanaume wa kitongoji niliwafundisha darasa la nne. Niliwafundisha kusoma, kuzidisha na huduma ya kwanza.

Hiyo huduma ya kwanza ndiyo nataka kuisema. Nilikuwa naikaririsha darasa zima kwa pamoja, fimbo ikigonga meza: majeruhi afunikwe apate joto, asisogezwe ovyo, taarifa itolewe kwa uongozi. Aliyeandika hayo kwenye mtihani nilimpa alama zote. Miaka yote ile hakuna mtoto hata mmoja aliyeandika "nitambeba nimpeleke," na angeandika ningemkata alama, kwa sababu halikuwemo kitabuni.

Basi ilikuwa mwezi wa saba, ule mwezi ambao ukungu haupandi wala haushuki, umekaa tu kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa narudi kutoka shamba, adhuhuri imeshaadhiniwa, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, kama mwanamke yeyote mwenye adabu zake. Nilipofika kwenye kona ya mikaratusi nikaona beseni jekundu katikati ya barabara. Nitasema ukweli, maana nimezeeka na uongo unanichosha: kabla sijajiuliza limetoka wapi, nilifikiri kwamba beseni lile lingenifaa sana kuoshea karoti.

Mbele kidogo kulikuwa na la bluu, halafu la kijani, halafu mabirika ya plastiki, yale ya kuchukulia udhu, yametapakaa hadi chini kwenye migomba. Pikipiki ilikuwa imelala, gurudumu moja mtaroni. Na pembeni yake alikuwepo mtu.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, sura ngeni kabisa, mmoja wa wale wanaopandisha vyombo vya plastiki kutoka bondeni na kuviuza nyumba kwa nyumba. Tope la kona lilikuwa limemshinda. Paja lake la kulia lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Suruali ilikuwa imechanika kutoka kiunoni hadi gotini, kila kitu kiko nje, nikageuza uso. Akafumbua macho. Akasema, "Mama... mguu." Alisema, nilisikia. Naomba ulishike neno hilo, msomaji, kwa sababu mimi nililidondosha njiani.

"Pole mwanangu," nikamwambia. "Pole sana. Pole, pole, pole."

Halafu nikaanza kazi. Kanga ya kiunoni nikaivua, nikabaki na gauni, nikamsitiri kuanzia kitovuni hadi miguuni. Manyunyu yakazidi, yanamdondokea usoni, na nzi wameshaanza kujua habari. Nikavua na ya mabegani, nikamfunika kifua na uso. Nikachomeka pembe zake chini ya kichwa, taratibu, upepo usije ukaipeperusha. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu, na haki ya Mungu nikaipenda. Kafunikwa, hajasogezwa. Bado uongozi tu.

Utaniuliza kwa nini sikukaa naye, nikasimamisha chombo cha kwanza kitakachopita. Eti kwa nini! Fomu je? Mtu aliyeumia barabarani anatakiwa fomu ya polisi, ile PF3, na aliyemleta ndiye anayeulizwa: ulimkuta wapi, saa ngapi, na wewe ulikuwa unafanya nini hapo. Huku kila nyumba ina hadithi ya binamu aliyemwokota majeruhi akalala mahabusu yeye. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa msichana, na huyo binamu sijawahi kukutana naye mpaka leo.

Nikapanda kumtafuta mwenyekiti wa kitongoji. Sikuwa nazubaa, nilikuwa nakaza mwendo. Lakini penye njia panda nikamkuta mzee jirani yangu, mkongwe, kaegemea jembe lake. Sasa ungefanyaje? Huku kwetu ukimpita mzee bila salamu kamili, jioni ukoo wote unajua kwamba ualimu umekupanda kichwani. Nikainama, shikamoo. Marahaba. Akahamia Kishambaa, na kwa Kishambaa salamu haina njia ya mkato: habari za nyumbani, za wajukuu, za ng'ombe, za yule ng'ombe mwingine, za magoti. Nikajibu moja moja. Tulipomaliza ndipo nikasema kuna mtu kaanguka kule konani. Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu. "Pole yake," akasema, akarudi kulima.

Mwenyekiti alikuwa bondeni anamwagilia kabichi. Nilimfundisha mwenyewe, alikuwa mtoto wa kukaa dawati la mbele na kusubiri aambiwe. Akanisikiliza, akanawa miguu, akaenda ndani kubadili shati. Halafu akaanza kutafuta mhuri.

"Mhuri wa nini, mwenyekiti?"

"Mwalimu, tukio ni tukio. Nikienda bila mhuri nitakuwa nimekwenda kama nani?"

Wakautafuta, yeye na mkewe, chini ya magunia, ndani ya kabati, kwenye mfuko wa koti la Idi. Mkewe akaniletea chai ya maziwa, nikiwa natetemeka ndani ya gauni peke yake. Nikainywa. Nasema hili kwa sababu nikilificha mengine yote hayatakuwa na maana: mtu kavunjika paja kalala topeni, na mimi nilikunywa chai, nikaipuliza kwanza maana ilikuwa ya moto.

Tulipofika konani ilikuwa imepita saa nzima na ushee. Nilitarajia kumkuta peke yake. Toba! Kitongoji kizima kilikuwa pale, na vitongoji viwili vya jirani. Lakini walikuwa kimya. Wanaume wamesimama upande wa juu, mikono nyuma. Wanawake wameketi ukingoni, mashavu viganjani. Katikati yao zile kanga zangu mbili, zimetulia, zimechomekwa vizuri, mtu hakuguswa wala hakusogezwa. 

Nikamwinamia mama mmoja, nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Amefariki saa ngapi?"

"Sijui, mwalimu. Tumemkuta ameshafunikwa."

"Nani kamfunika?"

"Waliotangulia," akasema, akapangusa chozi.

Waliotangulia! Waliotangulia ni nani kama si mimi? Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba kanga zile zilimfunika mtu aliye hai, anayesema, aliyeniita mama. Ilitosha ninyooshe mkono niifunue pembe moja. Lakini nikazitazama nyuso zile, zimejaa msiba, nikajiambia: watu wote hawa hawawezi kuwa wamekosea, bila shaka kakata roho nilipoondoka. Nikasema inna lillahi, nikaketi, nikashika shavu, nikalia. Nililia machozi ya kweli kabisa. Wao waliziamini kanga zangu, mimi nikaziamini nyuso zao, na chini ya kanga mtu anavuja damu.

Jamani, mkitaka kutuona tunavyofanya kazi, tuitieni maiti. Mtu aliye hai anatutia mashaka: hatujui atatuambia nini, atatutajia nani, atatupeleka kituo gani. Maiti tunamjua. Nilipokuwa nalia pale, vijana walikuwa wameshatumwa na majembe makaburini. Wengine walikuwa wamekimbilia msikitini kuchukua jeneza, wakipandisha mbio mlima ule ambao ukiwatuma wapeleke kreti la soda wanapumzika mara tatu. Mama mmoja alikuwa ameshajitolea sufuria kubwa. Na kulikuwa na mjadala mzito kuhusu dini ya marehemu, maana hakuna aliyemjua na hakuna aliyethubutu kumfunua. Mmoja akasema ni Mkristo, kwa sababu adhuhuri iliadhiniwa yeye akiwa barabarani. Mwingine akamkata, "Mkristo gani huyu mwenye mabirika ya udhu?" Hoja ya mabirika ikashinda.

Mabeseni nayo yalikuwa yanapungua. Kila nikipandisha macho naona jingine halipo. "Tunamtunzia," akaniambia mama wa pembeni yangu bila mimi kumuuliza, la kijani liko mapajani kwake, kalifunika na mtandio. Tunamtunzia marehemu mabeseni yake! Sikumsema. Lile jekundu nilikuwa nimeliona liko wapi, nikalivuta karibu kwa mguu.

Mwenyekiti akasogea mbele, akakohoa, akatoa pole kwa niaba ya uongozi. Akaomba wananchi watulie wakati taratibu zinafuatwa. Mhuri ulikuwa mkononi.

Jeneza likafika. Hapo ndipo vurugu ilipoanza, kwa sababu kumbeba maiti kuna thawabu, na thawabu haitoshi watu wote kwa mara moja. Watu wakasukumana. Nilimwona mtu niliyemjua, mwenye mgongo mbovu miaka mitatu, hawezi kubeba hata ndoo ya mkewe, anapenyeza bega. Wakamshika wanne, mabegani na miguuni, bismillahi, wakamnyanyua.

"Mguuuu!" kanga ikapiga yowe. "Mguu wangu jamani, mnaniua!"

Wakamwachia. Wote wanne, kwa pamoja. Nilisikia akipiga chini na nilisikia mfupa, na sauti ile ninayo mpaka leo. Mtu wa mgongo mbovu aliruka mtaro bila kugusa maji. Wanawake wakatimua mbio, kandambili zikabaki topeni. Mwenyekiti wetu aliwapita wote, na mhuri wake hakuuacha, nampa sifa hiyo.

Kanga ya juu ilikuwa imefunuka. Uso ulikuwa mweupe kama unga, midomo inatetemeka, macho yananitazama mimi. Na hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda, kwa sababu watu wakarudi mmoja mmoja, wakahakikisha kwamba ni mzima, na walipohakikisha wakapoa. Ungesema wamedhulumiwa. Wale waliokuwa wanagombea jeneza wakaanza kukumbuka mbuzi. Mmoja akaitazama saa yake. Mwingine akasema, taratibu, kama mtu mwenye busara nyingi, "Lakini huyu sasa anahitaji PF3."

"Kweli," mwenyekiti akasema akiwa bado anahema. "Tusimguse. Tusubiri polisi wapande kutoka Lushoto."

Nilisimama. Sikuwa na kanga wala adabu tena, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ya darasani, iliyokuwa ikisikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu.

"Pumbavu! Mlikuwa mnakwenda kumzika bila fomu! Bila fomu, bila jina, bila kujua kwao! Kaburi mmeshachimba! Kumfukia mtu hamkutaka fomu, kumtibu ndio mnataka fomu?"

Mtu akatazama chini, akachora tope kwa kidole cha mguu.

"Haya. Chukulieni kwamba amekufa. Mlazeni jenezani, mshike pembe nne, twende Malindi zahanati. Nani hataki? Anyooshe mkono nimwone."

Hakuna aliyenyoosha. Walinifahamu tangu wakiwa na kamasi. Tukamlaza jenezani, tukafunga mguu kwa mtandio wa yule mama, na beseni lake la kijani likabaki uchi mikononi mwake. Nikamfunika tena, kwa sababu mvua ilikuwa inaendelea, na kwa sababu ya pili nitakayoisema.

Jeneza likipita njiani huku kwetu, kila mwanamume anayelikuta analifuata na kushika zamu yake. Hakuna anayeuliza ni nani. Tulikuwa hatujamaliza kona mbili, watu wakaanza kutoka mashambani, wanafuta mikono, wanaingia chini ya jeneza, wanabeba hatua kadhaa, wanampisha mwingine. Lori la kabichi likaegesha pembeni na kuzima injini. Mtu mmoja akaanzisha "La ilaha illallah," na wengine wakaitikia. Kutoka mkono wa mtu hadi mkono wa mtu, bega hadi bega, jeneza lilikuwa linakimbia. Mimi nilikuwa pembeni yake nikitweta, mdomo karibu na kanga.

"Mama," nikasikia chini ya kitambaa, "wananipeleka wapi?"

"Hospitali, mwanangu. Nyamaza."

"Mbona wananiswalia?"

"Nyamaza, nimesema! Wakijua uko hai watakuangusha tena."

Akanyamaza, maskini. Alikaza meno, njia nzima, mtu aliyevunjika paja, akijitia maiti ili Waislamu na Wakristo wa Usambara wamhurumie. Waliojiunga njiani hawakugundua mpaka tulipoingia kwenye ua wa zahanati. Muuguzi akatoka, akatuona na jeneza, akasema kwa ukali kwamba pale hawapokei maiti. Ndipo maiti akanyanyua mkono, akamwambia shikamoo.

Walimfunga mguu vizuri, wakatafuta gari, akashushwa hospitali mjini siku hiyo hiyo. Polisi walikuja na fomu yao, wakauliza maswali matatu, wakaondoka. Hakuna aliyelala mahabusu. Kaburi lilikaa wazi siku tatu, likafukiwa. Nyumbani nilisimulia kisa chote mara nyingi sana, watu wanacheka hadi wanashika mbavu, na katika kukisimulia niligundua kwamba kinaanzia vizuri pale nilipopiga kelele. Pale mwanzoni hakuna anayepahitaji.

Karibu mwaka ukapita. Siku moja mchana nachambua karoti uani, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, kapanda kwa miguu kutoka barabarani. Nasema kwa miguu. Ulikuwa mmoja na magongo mawili. Suruali ya upande wa kulia ilikuwa imekunjwa na kupigwa pini juu ya mahali palipokuwa na goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema.

Nikamkaribisha, nikamwekea kiti cha mgongo. Mkwe wangu, asiyemjua, akaja na maji ya kunawa, akayaweka mbele yake kwenye lile beseni jekundu. Akalitazama. Alilijua, muuza vyombo anavijua vyombo vyake. Akanawa mikono yote miwili, akasema ahsante, beseni zuri.

Alipomaliza kula akafungua mfuko. Alitoa kanga zangu mbili, zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa pembe kwa pembe. Alisema kapandisha milima yote ile kwa ajili ya kuzirudisha mwenyewe, hakutaka kumtuma mtu.

"Mama, daktari alinieleza bila kunificha. Ningefikishwa mapema, hata saa moja tu mapema, mguu ungebaki. Wale watu walikaa wakanitazama. Nilikuwa nazimia nazinduka, nawasikia wanabishana kuhusu mabirika, sauti haitoki. Lakini nilikuwa nanusa kanga hizi, nikawa najiambia, yupo mmoja. Yupo mmoja aliyenisitiri na amekwenda kuniitia msaada, anakimbia, atarudi."

Nilikuwa nimeshika karoti. Nakumbuka nilikuwa nimeshika karoti na kisu, na nikaendelea kuiparua mpaka ikaisha.

"Wewe Mungu atakulipa," akasema. "Na wale walionichelewesha, mama, nao Mungu awalipe wanachostahili."

Akaningoja, kwa sababu dua huitikiwa.

"Amina," nikasema.